Kusikiliza Mlima kwa Sumaku: Jinsi Usumaku wa Dunia Unavyosaidia Kuchunguza Volkano



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za visima, mashamba, vikundi vya kuweka na kukopa, na afya ya mama na mtoto. Safari hii tunaleta mada inayoonekana kuwa ya mbali: namna wataalamu wanavyotumia vipimo vya sumaku kufuatilia mienendo ya volkano. Tunaamini kwamba mwisho wa makala haya kila mjumbe wa kamati ya parokia, na kila rafiki anayetuchangia kutoka mbali, ataona kuwa mada hii inagusa maji tunayokunywa, mifugo yetu, na hata uaminifu kati ya wanakijiji na wageni wanaokuja na vifaa wasivyovifahamu.

Sababu za kuandika ni mbili. Ya kwanza ni kwamba katika maeneo ya utafutaji wa dhahabu, kama kata zinazozunguka Nyamongo wilayani Tarime, si ajabu kumwona mtu akitembea mistari iliyonyooka shambani, amebeba nguzo yenye kifaa juu yake. Asipojieleza, maneno huanza: anapima ardhi ili ichukuliwe, au ana dawa. Mara nyingi kifaa hicho ni kipimo cha sumaku tu. Sababu ya pili ni kwamba upande wa mashariki wa Wilaya ya Serengeti, nyuma ya mbuga, kuna mlima ulio hai: Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Kutoka mji wa Mugumu hadi mlima huo ni karibu kilometa 170 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Tarime mjini ni karibu kilometa 230. Ni mbali, lakini si mbali kwa majivu yanayobebwa na upepo.

MARA NA VOLKANO: MAMBO MATATU

Watu wengi husema Mkoa wa Mara hauna volkano. Ni kweli kwamba hakuna mlima unaotoa moshi Tarime wala Serengeti. Hata hivyo ardhi yetu ina historia ya volkano, na historia hiyo ina sehemu tatu.

Kwanza, miamba yenye dhahabu ya Tarime na Serengeti ni sehemu ya ukanda wa miamba ya kale sana ambao wanajiolojia huuita ukanda wa Musoma–Mara. Sehemu kubwa ya miamba hiyo ilitoka kwenye volkano za zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Volkano hizo zimekufa kabisa. Kilichobaki ni mawe yake, na ndani ya mawe hayo maji ya moto ya zama zile yaliacha dhahabu.

Pili, sehemu za nyanda za juu za Tarime zimefunikwa na lava changa zaidi, iliyotiririka mamilioni ya miaka iliyopita wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka upande wa mashariki. Nayo imepoa zamani.

Tatu, na hili ndilo la kuangalia, nyasi fupi za nyanda za kusini-mashariki mwa Serengeti zimeota juu ya majivu ya volkano. Pepo za mashariki zilibeba majivu kutoka milima ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai na kuyamwaga upande wa magharibi, tabaka juu ya tabaka. Majivu hayo yana madini ya chokaa na fosforasi, na ni sababu mojawapo ya nyumbu kwenda kuzalia huko kila mwaka. Kwa hiyo mlima uleule unaoweza kutuletea hasara ndio uliotengeneza malisho yanayoleta watalii na ajira.

Mlipuko wa mwaka 1966 ulionyesha umbali ambao majivu yanaweza kufika. Majivu yaliripotiwa Seronera, karibu kilometa 130 magharibi mwa mlima, pia Loliondo, Arusha na hata Nairobi. Seronera iko ndani ya Wilaya ya Serengeti. Hivyo mlima huu haumhusu mtu wa Ngorongoro peke yake.

DUNIA NI SUMAKU

Kila mtu aliyewahi kushika dira anajua kuwa sindano yake huelekea kaskazini. Sababu ni kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Ndani kabisa, maelfu ya kilometa chini ya miguu yetu, kuna chuma kilichoyeyuka ambacho hakitulii. Mwendo wa chuma hicho huzalisha umeme, na umeme huo huzalisha sumaku inayoizunguka dunia yote. Eneo ambalo nguvu hiyo inafika huitwa uga wa sumaku.

Nguvu ya uga huo hupimwa kwa kipimo kidogo kiitwacho nanotesla. Karibu na ncha za dunia uga hufikia zaidi ya nanotesla 60,000. Kwetu Afrika Mashariki, karibu na ikweta, ni nanotesla 33,000 na kitu. Tuiweke namba hiyo akilini, kwa sababu mabadiliko yanayoletwa na volkano mara nyingi ni nanotesla chache tu, au makumi machache. Ni sawa na kutafuta shilingi moja iliyopungua katika mfuko wenye shilingi elfu thelathini na tatu.

MIAMBA INA KUMBUKUMBU

Miamba mingi ya volkano ina chembe za madini ya chuma yaitwayo magnetaiti. Lava inapotoka ikiwa ya moto sana, chembe hizo hazina usumaku wa kudumu. Inapopoa, kila chembe huwa kama dira ndogo inayogandia upande ambao uga wa dunia ulikuwa ukielekea siku hiyo. Baada ya hapo haigeuki kirahisi. Jiwe linabaki na kumbukumbu.

Mfano maarufu wa jambo hili umetoka hapahapa kaskazini mwa Tanzania. Miaka ya 1960 wanasayansi walipima usumaku wa lava iliyo chini ya Bonde la Olduvai. Waliikuta inaelekea kaskazini kama dira ya leo, ilhali miamba mingi ya dunia ya umri unaokaribiana nayo inaelekea kusini. Hiyo ilithibitisha kwamba uga wa dunia umewahi kugeuka zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho kugeuka ilikuwa karibu miaka 780,000 iliyopita. Kipindi kile cha kale, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita, hadi leo kinaitwa kipindi cha Olduvai katika vitabu vya dunia nzima. Ni heshima kwa nchi yetu, na ni vizuri watoto wetu shuleni wakaijua.

VOLKANO INABADILISHAJE USUMAKU?

Wataalamu wanaeleza njia tatu.

Njia ya kwanza ni joto. Fundi mhunzi anajua kuwa chuma kikiwa chekundu motoni hakivutwi tena na sumaku, kikipoa, kinavutwa. Kila madini yenye usumaku yana kiwango chake cha joto ambacho kikipita, usumaku hutoweka. Kiwango hicho huitwa joto la Curie, kwa jina la mwanasayansi Pierre Curie wa Ufaransa aliyelichunguza jambo hili mwishoni mwa karne ya 19. Kwa magnetaiti ni karibu nyuzi joto 580. Basi magma, yaani miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi, inapopanda na kupasha moto mawe yaliyo juu yake, mawe hayo hupoteza usumaku wake. Kipimo kilichowekwa juu ya mlima kitaonyesha mabadiliko: upande mmoja nguvu hupungua, upande mwingine huongezeka. Magma ikirudi chini na mawe yakapoa, usumaku hurejea.

Njia ya pili ni mgandamizo. Magma inapojipenyeza kwenye nyufa, huyasukuma na kuyabana mawe ya kando. Jiwe lenye magnetaiti likibanwa, usumaku wake hubadilika kidogo. Mabadiliko ya namna hii hutokea haraka, ndani ya saa au dakika, kwa sababu mgandamizo hausubiri jiwe lipate moto.

Njia ya tatu ni maji. Maji ya chini ya ardhi yanapolazimishwa kupita katika vinyweleo vya mawe, huzalisha umeme mdogo, na palipo na umeme unaotembea pana sumaku. Volkano inapochemka ndani, maji hayo hutembea zaidi.

Njia hizi tatu zinaweza kutokea kwa pamoja. Kazi ya mtaalamu ni kuzitenganisha, na husaidiwa na mwendo wa mabadiliko: joto huenda polepole, kwa miezi na miaka, mgandamizo huja ghafla.

KIFAA CHENYEWE

Kifaa cha kupima huitwa magnetomita. Ziko aina kadhaa. Aina mojawapo iliyotumika kwa miaka mingi ina chupa ndogo yenye kimiminika chenye haidrojeni nyingi; hata mafuta ya taa hufaa. Kuzunguka chupa kuna waya. Umeme ukipitishwa kwenye waya, viini vya haidrojeni, yaani protoni, hujipanga upande mmoja. Umeme ukikatwa, protoni huyumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka. Kasi ya kuyumba inategemea nguvu ya uga wa dunia mahali pale: kwa uga wa kwetu ni zaidi kidogo ya mara 1,400 kwa sekunde. Kifaa huhesabu kasi hiyo na kutoa namba. Hakuna mionzi ya hatari, hakuna kinachochimbwa, na hakuna kinachoingizwa ardhini.

Kwa kuwa kifaa ni chepesi kuhisi, chuma chochote karibu nacho hukivuruga. Ndiyo maana anayepima huacha simu, funguo, mkanda wenye bakoli ya chuma na panga. Kituo cha kudumu hakiwekwi karibu na paa la bati, uzio wa waya, bomba la chuma wala barabara ya magari.

GATI MBILI ZIWANI

Kuna shida kubwa zaidi ya panga. Uga wa dunia hautulii hata pasipo volkano. Kila mchana jua husababisha mikondo ya umeme angani, zaidi ya kilometa mia moja juu yetu, na uga hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla. Jua likirusha dhoruba, kama ilivyotokea tarehe 10 na 11 Mei 2024, mabadiliko hufika mamia ya nanotesla. Sasa utajuaje kuwa nanotesla tano zilizopungua zimetoka mlimani na si juani?

Tuchukue mfano wa Ziwa Victoria. Tuseme una gati Musoma na unahofia kuwa linatitia. Kila siku unapima umbali kutoka ubao wa gati hadi majini. Lakini ziwa nalo hupanda na kushuka kwa mvua na upepo, kwa hiyo kipimo kimoja hakikuambii kitu. Dawa yake ni kupima gati la pili lililo imara, katika maji yaleyale na saa ileile. Ziwa likipanda, magati yote mawili yataonyesha. Tofauti kati yao ikianza kubadilika, hapo ndipo unajua kuwa gati lako linatitia.

Wapimaji wa volkano hufanya hivyohivyo. Huweka magnetomita moja au zaidi mlimani, na nyingine mbali kidogo, kwenye mwamba usioguswa na magma. Zote hupima kwa sekunde ileile. Kisha hutoa namba moja katika nyingine. Cha jua hufutika kwa kiasi kikubwa kwa kuwa kimeonekana kote. Cha mlima hubaki. Kwa hiyo kituo kimoja hakitoshi hata kikiwa cha gharama kubwa, na kituo cha mbali kina umuhimu uleule wa kile cha mlimani.

KILICHOONEKANA KWINGINE

Japani wana uzoefu mrefu. Katika kisiwa cha Izu-Oshima nguvu ya uga karibu na tundu la volkano ilionekana ikipungua kwa miaka kadhaa kabla ya mlipuko, na kasi ya kupungua iliongezeka mwaka 1986. Mlipuko ulianza tarehe 15 Novemba 1986. Tarehe 21 ardhi ilipasuka mstari mrefu, na wakazi wote, karibu 10,000, wakahamishwa kwa meli usiku ule. Vipimo vya sumaku havikuwa peke yake, lakini vilikuwa sehemu ya picha iliyoonyesha kuwa joto linapanda ndani ya mlima.

Nchini Italia, kwenye mlima Etna, vituo vya sumaku vilirekodi mabadiliko ya ghafla ya nanotesla chache mwishoni mwa Oktoba 2002, wakati magma ilipokuwa ikijipasulia njia kwenye ubavu wa mlima. Huo ni mfano wa njia ya pili, ya mgandamizo.

Hata hivyo tusidanganyane. Sumaku haitabiri siku wala saa. Haitoshi peke yake. Inaweza kuonyesha joto linapanda na bado mlima usilipuke. Ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja husikilizwa pamoja na wengine: matetemeko ya ardhi, kuvimba kwa mlima, gesi zinazotoka na picha za setilaiti.

LENGAI LETU

Ol Doinyo Lengai ni mlima wa pekee duniani. Ndiyo volkano pekee hai inayojulikana kutoa lava ya magadi na chokaa, ambayo hutoka nyeusi na nyepesi kama mafuta, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600, wakati lava ya kawaida ya volkano nyingine hufikia zaidi ya nyuzi 1,100. Angalieni namba hiyo: iko karibu kabisa na joto la Curie la magnetaiti. Kwa hiyo hesabu ya Japani haiwezi kuchukuliwa na kupachikwa Lengai bila kufikiri. Lava hii ya baridi haiwezi kufuta usumaku wa mawe kama lava ya kawaida. Lakini milipuko mikubwa ya Lengai huhusisha pia magma ya aina nyingine, yenye silika na moto zaidi, kama ilivyokuwa mwaka 2007. Aina hiyo ndiyo ambayo sumaku ingeweza kuihisi vizuri zaidi.

Mwaka huo wa 2007 una somo. Katikati ya Julai matetemeko mengi yalianza kuzunguka mlima Gelai, jirani na Lengai. Kubwa zaidi, tarehe 17 Julai, lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilisikika hadi Nairobi. Baadaye picha za setilaiti zilionyesha kuwa magma ilikuwa imejipenyeza kwenye ufa chini ya Gelai. Tarehe 4 Septemba, wiki saba baada ya tetemeko lile, Lengai ikalipuka na kurusha majivu, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008. Dalili zilikuwapo, ila vifaa vya kuzisoma pale mlimani wakati ule vilikuwa haba.

Tangu mwaka 2016 hali imeboreka. Mtandao uitwao TZVOLCANO, unaowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, chuo kikuu cha Virginia Tech cha Marekani na wenzao wengine, umeweka vituo vya GPS kuzunguka mlima. Vituo hivyo hupima kama ardhi inainuka au inashuka, hata kwa milimita. Utafiti uliochapishwa kutokana na vipimo hivyo ulionyesha kuwa mwaka 2022 ardhi ya mlima iliinuka kwa kasi kuanzia mwezi Machi. Maana yake kuna kitu kilisukuma kutoka chini. Mlima haukulipuka kwa nguvu, lakini uliinuka na watu waliweza kuona.

Maoni yetu ni kwamba kwa Lengai matetemeko na GPS ndiyo ya kutangulia, na sumaku ije kuongezea. GPS inaeleza kuwa mlima umevimba. Haielezi kama kilichouvimbisha ni gesi, maji au magma ya moto. Hapo ndipo shahidi wa sumaku anapohitajika.

SOMO KUTOKA GOMA

Kwa marafiki wanaotuchangia, tunaomba mtazame pia jirani zetu wa Kongo. Mji wa Goma uko chini ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kuharibu maelfu ya nyumba. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kiliimarishwa kwa misaada. Mwaka 2020 fedha zilizokuwa zikitoka kwa msaada wa Benki ya Dunia zilikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kikakosa hata fedha ya intaneti ya kupokea taarifa kutoka kwenye vifaa vyake. Intaneti ilirudi Aprili 2021. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka na watu zaidi ya 30 walifariki. Hatusemi kwamba intaneti peke yake ingezuia vifo hivyo, kwani mlipuko ule ulikuja na dalili chache sana. Tunachosema ni kwamba kifaa kisicho na betri, mlinzi, fundi na malipo ya mwezi ni chuma tu kilichosimama porini. Mchango wa kununua kifaa hupigwa picha. Mchango wa kukitunza haupigwi picha, lakini ndio unaookoa watu.

KAMATI ZIFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa kamati za parokia, hasa za Wilaya ya Serengeti:

1. Mgeni akija na kifaa cha kupima, apokelewe kwa heshima na aombwe barua ya utambulisho kutoka wilayani. Aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Aulizwe anapima nini: maji, madini au utafiti? Kipimo ni kilekile. Lengo ndilo tofauti. Magnetomita haimpi mtu haki ya ardhi. Sheria za ardhi na leseni zina njia zake, na wananchi wana haki ya kuzijua.

2. Kikiwekwa kituo cha kudumu, kijiji kikitunze. Bati, waya na betri za sola vikiibiwa, vipimo vya miaka hukatika. Asijengwe mtu nyumba ya bati wala uzio wa waya karibu nacho.

3. Matangi ya maji ya mvua ya makanisa, shule na zahanati yawe na mifuniko, na bomba la mfereji wa paa liweze kuchomolewa. Majivu yakianza kuanguka, chomoa bomba mara moja. Majivu ya volkano yanaweza kuwa na floridi, na Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita.

4. Mifugo iondolewe kwenye malisho yenye majivu na ipewe majani na maji yaliyofunikwa. Wachungaji wa ng'ombe waelezwe mapema, si siku ya majivu.

5. Watoto, wazee na wenye pumu wakae ndani. Anayetoka afunike pua na mdomo kwa kitambaa. Majivu ya paani yafagiliwe kabla ya mvua, maana yakilowa huwa mazito na yanaweza kuangusha paa bovu.

6. Taarifa zitoke kwa wanaohusika: uongozi wa wilaya na kamati ya maafa, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mwelekeo wa upepo. Ujumbe wa simu usio na mwenyewe usisambazwe. Uvumi huweza kuhamisha kijiji bila sababu, na kijiji kilichohamishwa bure mara moja hakitahama mara ya pili hata pakiwa na sababu.

7. Walimu wa sayansi watumie somo la sumaku kueleza haya. Sumaku ya redio mbovu, kipande cha chuma na jiko la mhunzi vinatosha kuonyesha joto la Curie mbele ya darasa. Mwalimu ndiye ashike koleo, watoto wasimame mbali.

MWISHO

Lengai imelipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940, 1966 na 2007. Hakuna anayejua mwaka utakaofuata, na anayedai kuujua asiaminiwe. Lakini kati ya kutojua siku na kutojua lolote kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo hujazwa na vipimo vinavyofanywa kwa uvumilivu, mwaka hadi mwaka, mlima ukiwa kimya. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga. Mtaalamu alete kipimo chake, mfadhili alete uaminifu wa kutunza alichokianzisha, na kijiji kilete macho yake na tangi lenye mfuniko.

Tunawaomba wenyeviti wa kamati wasome makala haya katika kikao kijacho na kuleta maswali kwa waratibu wetu wa wilaya. Tutayajibu pamoja nanyi.